Jina la Baba Mkwe

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyosema inasikika kama mtu anayepanga sahani. Najua hukuijua. Lakini hofu niliyo nayo haikubali Kizulu changu cha kuokoteza, na huko uliko sidhani kama kuna anayehitaji mkalimani.

Uhamiaji wametuita tena, Mama. Jumatatu. Naogopa.

Tangu utuache, nyumba ni ileile ila imepoa. Baba anakunywa chai yake nje, kwenye kiti chako, na hataki mtu akisogeze. Mwanao Thulani bado yuko kiwandani Jacobs, mimi bado nasuka nywele Pinetown. Kibali changu cha ukimbizi kinakaribia kuisha, ndiyo maana tuliomba kile cha ndoa, kitakachonipa kitambulisho, kile kitabu cha kijani kama chake. Nikinyimwa, watanirudisha Uvira, na Uvira nyumba yetu haina hata paa.

Usidhani tulizembea. Mama Furaha wa saluni, Mkongo mwenzangu aliyepita mlango huohuo, alinikalisha kwenye kiti cha wateja akanihoji huku ananisuka. "Batakuuliza hata shuka yenu iko rangi gani, ndugu yangu. Ukibabaika tu, batasema ni ndoa ya makaratasi." Basi tukakariri nyumbani: nani analala upande wa ukutani, nani anaamka kwanza, mahari yangu ilipokewa na nani. Thulani alijifunza hata jina la shule yangu ya msingi, akawa analitamka vibaya makusudi ili nicheke. Nilicheka. Halafu taa ikizimwa, kila mmoja anajua mwenzake yuko macho.

Siku yenyewe walitutenganisha, yeye chumba kile, mimi hiki. Afisa wangu alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Niliyajibu yote. Shuka, mahari, ugonjwa wako, nani alikuwa anakuogesha. Kisha akauliza bila kuinua macho: "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Mama, jina nalijua. Kulitaja ndiko siwezi.

Ni wewe uliyenifunza. Wiki ya kwanza, tukimenya viazi, ulinishika kidevu ukasema, "Makoti, jina la baba wa nyumba hii halipiti kinywani mwako." Makoti, mke wa mwana, hukuniita vingine mpaka mwisho. Na unakumbuka hospitalini, muuguzi alipotaka jina la mumeo? Ukanitazama, nikakutazama. Wewe hulitaji, mimi silitaji. Muuguzi wa watu kasimama na kalamu yake, sisi tunacheka mpaka ukashikwa na kikohozi, hadi Thulani aliporudi kutoka dukani akatuokoa.

Kwa afisa hakukuwa na wa kuniokoa. Nikasema, "Ni heshima, bwana. Mkwe hataji." Akaweka kalamu chini. "Hiyo ni mila ya Wazulu. Wewe ni Mkongo." Basi, miaka yangu yote jikoni kwako ikageuka uongo pale mezani.

Chumba cha pili, Thulani alipoambiwa kwamba mkewe halijui jina la baba yake, alijibu, "Angelitaja hilo jina, ningewauliza huyu mmemtoa wapi." Alinisimulia kwenye teksi akijigamba, ila hakuniachia mkono mpaka tulipofika nyumbani.

Hawakuridhika. Ndiyo maana tunaitwa tena, na swali litakuwa lilelile.

Nilimwambia Baba. Akasema, "Litaje, mwanangu. Natoa ruhusa." Lakini ruhusa ninayoitaka ni yako. Wewe hukulitaja maisha yako yote. Hata siku ile ya mwisho ulimwita Baba kaThulani, baba wa Thulani tu. Na mimi, mgeni niliyekuja na mfuko mmoja, ulinikabidhi heshima hiyo kabla hujanikabidhi funguo za nyumba. Jana nilifungua bomba la jikoni nisisikike, nikajaribu. Lilitoka nusu, nikajiziba mdomo.

Naogopa kulitaja. Naogopa zaidi kupakiwa kwenye lori, Thulani amebaki amesimama getini. Kwa hiyo nitalitaja, Mama, mara moja, mbele ya afisa yule tu. Nakuahidi halitatoka tena. Tukijaliwa watoto, watalisikia kwa baba yao, si kwangu. Hata hapa sijaliandika, umeona mwenyewe.

Wakinipa, wakininyima, nitapita kwanza kaburini kwako kukupigia magoti. Pumzika, Mama yangu.

Ila Jumatatu asubuhi, tafadhali, ziba masikio kidogo.

Makoti wako