Mchungaji Ananisifu kwa Kukataa Kithitu, Nami Naogopa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniambie ukweli hata ukiniuma, maana wote walio karibu nami wananisifu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mwala, nimeokoka, na kila Alhamisi naongoza darasa la uanafunzi la akina mama kanisani, tunajifunza kumfuata Kristo jikoni na shambani, si Jumapili tu. Darasani yumo Kaluki, mjane wa kaka ya mume wangu, ambaye shamba lake limepakana na letu. Mwezi wa Machi, Kaluki alipokuwa kwao Katangi akimuuguza mama yake, mume wangu Masila aling'oa mkonge wa mpaka akaupanda upya ndani ya shamba la Kaluki, nami nilimwona, nikampelekea uji pale pale.

Kaluki aliporudi alishtaki kwa ukoo, Masila akakana, na kwa kuwa hakuna shahidi wazee wakaamua kwamba nyumba zote mbili zitakula kiapo cha kithitu, ambacho sisi Wakamba tumeambiwa tangu utoto kwamba ukikila kwa uongo kinamaliza nyumba, mtu baada ya mtu. Masila mwenyewe aliingiwa na baridi. Akaniambia, "Mama Mumo, wewe sema umeokoka, na nyumba yako haili viapo. Huyo Yesu wako atusaidie na sisi siku moja." Nikasema hivyo mbele ya ukoo, nikidhani yameisha, lakini Mzee Ndunda akajibu, "Vizuri, hatutamlazimisha. Huyu ni mtu wa Mungu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi aje atuambie tu mpaka uko wapi, na sisi tutamwamini."

Habari zikamfikia mchungaji, na Jumapili akanisimamisha mbele ya kanisa kama mfano wa mwanafunzi asiyerudi nyuma, watu wakapiga makofi, na Kaluki pia alipiga. Alhamisi akanishika mkono akasema, "Dada, niombee shamba langu lirudi. Wewe Mungu anakusikia haraka kuliko sisi." Nilimwombea, mshauri, kwa sauti.

Sasa Mumo, kifungua mimba wangu, ameanza kukohoa, na kila akikohoa nakumbuka kithitu. Nikisema Jumamosi kwamba mpaka uko pale ulipo, bila kugusa kithitu, je, kinaweza kunifuata? Na nikisema ukweli, nitaishi wapi?

Mwenye hofu, Mwala

JIBU

Dada yangu, pole. Hofu yako naisikia, na sitaicheka. Lakini umeniuliza kama kithitu kitakufuata, hukuniuliza kama uongo ni dhambi, kwa sababu hilo unawafundisha wenzako kila wiki.

Mtoto anayekohoa mpeleke zahanati, leo. Usimfanye Mumo kuwa kipimo cha dhambi ya baba yake.

Hukukataa kiapo kwa ajili ya Kristo. Ulikikataa kwa ajili ya mkonge, ukamtanguliza Kristo mlangoni azuie wageni. Bwana hakutukataza kuapa ili tupate mahali pa kujificha. Alitaka neno letu la kawaida litoshe. Na tazama, mzee wa ukoo, ambaye pengine hata kanisani haingii, ameliweka neno lako tupu mahali pa kiapo. Unataka kumlipa nini kwa imani hiyo?

Zungumza na Masila mchana, watoto wakiwa shuleni. Mwambie wazi kwamba hutasema uongo, na kwamba angali na nafasi ya kwenda mwenyewe kwa Kaluki na kuurudisha mkonge kabla ya kikao. Kwa mume hiyo ni aibu ndogo kuliko kuumbuliwa na mkewe. Ukiona anainua mkono, usibaki ukaita kubaki huko uvumilivu. Chukua watoto, nenda kwenu, umpigie simu chifu ukiwa huko. Mchungaji naye mwambie yote wiki hii, kwa maana amekusifu bila kujua, na atahitajika kusimama upande wako.

Nyumba unaweza kuikosa kwa muda. Siwezi kukuahidi vingine.

Siku ikifika na Masila bado amekaza shingo, usingoje hofu ikutoke kwanza. Nenda nayo. Sauti ikikukauka, wapeleke wazee shambani, usimame pale mkonge ulipokuwa.