Feni ya Nje Imepona

Baba Amna,

Ule mvumo tuliousikia alfajiri gizani umekwisha. Feni ya nje ya AC ya dukani usiisukume tena kwa fimbo. Wali uko kwenye hotpoti.

Ulikuwa umechomeka waya wa feni kwenye pini ya kompresa, pale kwenye kapasita inayoipa feni nguvu ya kuanza kuzunguka. Nilizima umeme nikauhamishia waya kwenye pini yake, wewe ukinimulikia tochi. Kulipokucha ukamwambia mteja wetu Mzee Twalha umetengeneza mwenyewe, eti masomo yangu ya ufundi ya jioni ni kupoteza muda. Mimi nikamimina chai.

Leo ~~siendi~~ naenda darasani.

Mama Amna

Amna yuko kwa Mama Goodness. Ukimfuata, mwambie ukweli wewe mwenyewe, maana alikusikia ukijisifu. Nilipomvalisha viatu alisema, "Nikikua nitakuwa fundi kama Baba."