Sikuona Mtu

Alhamisi, 10 Aprili

Madaftari ya Kidato cha Pili, rundo zima. Mvua inapiga bati tangu saa nane, redio haisikiki. Swali la nne: eleza maana ya bonde la ufa. Nusu ya darasa wamechora mlima. Nimetoa sifuri kwa raha mbaya.

Keshokutwa mimi na Gwamaka tunakwenda ukingoni, kule juu ambako ardhi inakatika na kijiji cha Muze kinaonekana chini. Tutalala hemani na kurudi Jumapili. Gwamaka ni afisa mifugo, mtu wa Tukuyu, jirani yangu hapa mtaa wa Izia, Sumbawanga, mwaka wa tatu sasa. Nikisema kweli, ndiye rafiki yangu pekee. Anataka kuliona Ziwa Rukwa kutoka juu kabla hajahamishwa.

Alishauri tutafute mtu wa kijijini atuongoze. Nilimcheka. Mimi nitafutiwe kiongozi? Mimi mtoto wa hapa! Nikamwambia njia zote za kule nazijua kama sebule yangu.

Mara ya mwisho kufika kule nilikuwa na miaka tisa, nimekaa nyuma ya baiskeli ya baba mdogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeazima hema la skauti pale shuleni. Lina harufu ya soksi. Unga wa ulezi, dagaa, viazi, chumvi, panga, viberiti viwili nimevifunga kwenye nailoni. Gwamaka ana koti la mvua la kazini. Mimi nina sweta na majivuno.

Mvua bado.

Jumamosi, 12 Aprili

Niko hemani. Kalamu inateleza kwa unyevu.

Bodaboda walituacha mwisho wa barabara saa tatu asubuhi. Saa moja ya kwanza ilikuwa nzuri. Majani yamefika kiunoni, mahindi yameanza kukauka ncha, baridi ya kufurahisha. Nilimwonyesha Gwamaka vilima na kuvipa majina. Mawili niliyatunga papo hapo.

Kisha ukungu. Nimezoea ukungu wa Sumbawanga, lakini huu ulikuwa mzito, hata mkono wangu sikuuona vizuri. Mvua juu yake. Nilikata kushoto pale ambapo nadhani tulitakiwa kukata kulia. Gwamaka aliuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nilijibu kwa ukali. Hakuuliza tena.

Saa nane tulivuka kijito kilichojaa. Nilipita. Yeye aliteleza, maji yakamfika kifuani. Alitoka anacheka. Baada ya nusu saa hakuwa anacheka, midomo imekuwa ya kijivu na meno yanagongana.

Tuliona moshi upande wa chini na kusikia kengele za ng'ombe. Nyumba ya wafugaji. Akasema, "Deo, twende pale tukaombe moto." Nikakataa. Nilisema wale ni Wasukuma, wamekuja juzi tu na ng'ombe wao, siwezi kwenda kuomba moto kwao kwenye ardhi ya babu zangu. Nilisema hivyo hivyo. Aliniangalia kidogo, akanifuata.

Tumepiga hema nyuma ya mawe makubwa. Nimempa sweta langu. Nilitoka kutafuta kuni, nimepata kavu, zilikuwa karibu. Moto umewaka vizuri. Amekula, ametulia, amelala. Nimepiga picha ya moto, nimeiweka status, ila mtandao hakuna.

Basi.

Jumapili, 13 Aprili. Jumapili ya Matawi

Jana niliandika uongo hata humu, kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma.

Kuni hazikuwa za kuokota. Hatua hamsini kutoka hemani kulikuwa na zizi dogo la ndama. Lilikuwa tupu, jioni ilikuwa haijafika. Miti ya zamani, imelowa juu tu, ndani mikavu. Nilijua linatumika. Samadi ilikuwa mbichi, nimeikanyaga, ipo kwenye buti hadi sasa. Nilizunguka upande wa nyuma, ule usioelekea nyumbani kwao, nikang'oa miti saba. Mtu asiyejua anachofanya hazunguki nyuma. Nikaipasua kwa panga, nikawashia kipande cha ndala. Gwamaka aliuliza kuni nimezitoa wapi. Nilisema chini ya mwamba.

Asubuhi ukungu ulikuwa umepungua. Nyumba ilikuwa pale pale, ng'ambo ya zizi. Mama mmoja alikuja anatafuta ndama, akakuta hema letu. Mama Masanja. Hakuuliza sisi ni nani. Alisema, "Mbona mnalala nje kama hamna watu? Njooni mkaote moto." Gwamaka alimwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", mama akafurahi sana.

Tulikaa jikoni kwake. Alianika soksi zetu karibu na mafiga. Alitupa chai ya rangi na viazi, akaomba radhi kwamba leo hana maziwa. Ndama walifungiwa gizani, kwenye ukungu, usiku wakatoka zizini, wakawafuata mama zao na kunyonya yote. Wengine watatu hawajulikani walipo. Nilikunywa chai yake. Ilikuwa na tangawizi. Nilisema asante mara mbili.

Baba Masanja aliingia, uso umemshuka. Ndama watatu wamekutwa kwenye mahindi ya Mzee Polikarpo, na Mzee amewapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mwaka jana ng'ombe wao waliingia shamba la huyo Mzee, ikawa ugomvi wa mapanga. Wakapatanishwa kwa maandishi: mifugo ikiingia tena, hata mmoja, familia inahama baada ya mavuno. Mama Masanja alitueleza haya huku anageuza soksi zangu.

Tuliporudi kukunja hema, Gwamaka alichokoa jivu kwa kijiti. Akatoa kipande cha waya, ule wa kufungia miti ya zizi. Aliushika muda mrefu. Akautia mfukoni. Njiani kwenda kijijini, maana tulisema tutawasindikiza, aliniuliza, "Deo, una jambo la kusema?" Nilisema tukichelewa tutakosa usafiri.

Kwa mwenyekiti watu walikuwa wametoka kanisani, matawi mkononi. Mzee Polikarpo alikuwa bado ameshika lake. Mtu mkavu, mpole, ana koti la suti lililopauka. Nilimpa shikamoo. Aliposikia ukoo wangu alinisemesha Kifipa, nikamjibu, akatabasamu. Alimjua baba yangu.

Baba Masanja alisema zizi limebomolewa na mtu. Mzee alisema kila mfugaji husema hivyo. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Mwalimu, wewe ni mtu wetu. Ulilala pale. Ulimwona mtu?"

Nilisema, "Hapana, Mzee. Sikuona mtu."

Nimeandika. Basi imeandikwa.

Gwamaka alisimama, akaweka ule waya mezani. Akasema ni sisi, tulipata baridi, tulichoma miti yao, tunaomba radhi. Alisema *sisi*. Mwenyekiti akaniuliza kama ni kweli. Kila mtu alinitazama. Nikasema mimi nilikuwa nimelala, sijui habari za kuni.

Hawakumwamini. Mzee Polikarpo alisema afisa mifugo anawatetea wafugaji wake, waya unaokotwa popote, na mwalimu hana sababu ya kudanganya. Akasema atamwandikia mkubwa wa Gwamaka. Suala la kuhama likaahirishwa hadi Jumatatu ya Pasaka.

Mama Masanja alinikabidhi soksi zangu. Zimekauka kabisa.

Kila mmoja alipanda bodaboda yake. Hatukuagana.

Jumatatu, 14 Aprili

Simu iliposhika mtandao jana njiani, ile picha ya moto ilikwenda yenyewe kwenye status. Nimeiona leo asubuhi. Wenzangu wameandika "kamanda", "mwamba huyo". Ukiikuza, mti mmoja bado una waya. Nimeifuta. Watu wengi walishaiona.

Nimefundisha mmomonyoko wa udongo. Sauti yangu haikuwa yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Habari imefika ofisi ya walimu. Kuna afisa mifugo amejitwika kesi ya ng'ombe kule ukingoni, eti kachoma zizi, kumbe anawaficha wafugaji waliompa kitu kidogo. Wamecheka. Mmoja akaniuliza, si ulikuwa naye? Nikasema Gwamaka ana huruma kupita kiasi.

Nikacheka nao.

Ninajichukia. Sitaki kulipamba neno hili.

Jumatano, 16 Aprili

Kitubio cha Pasaka. Foleni ilifika mlangoni. Nilijiambia leo nautua mzigo. Nilipopiga magoti nikasema nimekosa uvumilivu na wanafunzi, nimekosa misa ya Matawi, na nimesema uongo. Padri aliuliza, uongo mkubwa? Nikasema wa kawaida. Akanipa kusali rozari, mafungu mawili.

Nilitoka nimepata wepesi. Ulidumu mpaka geti la kanisa. Nimemdanganya hata yule ambaye kazi yake ni kunisamehe.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilikwenda kwa Gwamaka. Nimepanga maneno njia nzima, na ni nyumba mbili tu.

Hayupo. Mkewe Tumpe alisema ametoka na pikipiki alfajiri, hakusema anakwenda wapi. Barua kutoka kijijini imefika ofisini kwao, ameitwa kujieleza wiki ijayo. Akasema, "Shemeji, hebu ongea naye. Hali chakula vizuri. Nimemuuliza kuna nini, anasema mvua ilimwingia." Akanipa sweta langu. Amelifua, amelipiga pasi.

Hajamwambia hata mke wake. Angenitukana, ningejua la kufanya. Lakini sweta lililopigwa pasi sijui nilifanyie nini.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sikula. Si kwa ibada, chakula hakipiti.

Nimekuwa nikijiambia nilifanya vile kwa sababu Gwamaka alikuwa anatetemeka. Si kweli. Moto ulikuwa pale chini, unawaka, wa bure. Nilikataa kuuomba kwa sababu ya wenye moto. Nikaona afadhali niwaibie kuliko niwaombe. Ndivyo ilivyo. Hakuna namna nyingine ya kuandika.

Kesho.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilifika kwa Baba Masanja saa nne. Manyunyu tu. Nilibeba miti saba ya mkaratusi nyuma ya bodaboda, dereva ananung'unika njia nzima.

Zizi lilikuwa limeshatengenezwa. Gwamaka alikuja juzi, akafanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri, akaondoka bila kula. Niliiweka miti yangu chini, haina kazi.

Nikamwambia Baba Masanja. Nilisema nilijua zizi lina wenyewe, nilizunguka nyuma, Gwamaka hakujua chochote mpaka alipoona waya, na mbele ya mwenyekiti nilisema uongo mara mbili. Mama Masanja alikuwa anapepeta mtama. Aliacha, akasikiliza, akaendelea. Baba Masanja aliitazama ile miti yangu. Kisha akasema, "Usiniambie mimi. Mimi sikukuuliza. Twende kwa aliyekuuliza."

Tuliongozana. Alinionyesha tu pale penye utelezi.

Mzee Polikarpo alikuwa anang'oa maharage. Nilisema tena yote, kwa Kiswahili, maana Kifipa changu kiliniishia. Nikatoa simu. Ile picha niliifuta kwenye status tu, kwenye simu ipo. Mzee aliitazama kwa karibu, waya na yote. Akairudisha. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Nilikuuliza wewe," alisema. "Watu wote wale, nikakuuliza wewe."

Akamgeukia Baba Masanja, akamshika mkono, akasema Jumatatu watakwenda wote wawili kwa mwenyekiti kulifuta lile neno la kuhama, na kuhusu ile barua ya kumshtaki Gwamaka, ataandika nyingine ya kuifuta. Wakazungumza kidogo kuhusu mvua na maharage. Mimi nimesimama. Mwishoni Mzee akasema, bila kunitazama, "Mfikishe mgeni barabarani. Njia hazijui huyu."

Baba Masanja akanifikisha.

Nimemwandikia Gwamaka: nimewaambia ni mimi peke yangu, na Mzee ataandika barua nyingine. Ameisoma saa kumi na mbili. Baada ya chakula amejibu neno moja, "Sawa."

Mvua imekatika. Nyumbani kwao taa ya nje inawaka, Tumpe anaanua nguo. Jumatatu nitakwenda nikaketi kwa mwenyekiti, hata kama hakuna atakayeniuliza kitu. Siku atakayoitwa Gwamaka kujieleza, nitaomba ruhusa shuleni.

Sasa nasahihisha. Yamebaki madaftari kumi na moja.