Hamsini na Nane Ilikuwa Yako

Mpendwa Kemunto, mama wa Ogeto,

Najua huko uliko umeshaanza kucheka. Mwanamume aliyeacha shule darasa la nne akishika kalamu aandike kurasa nzima, basi ana kosa la kuungama. Ni kweli. Nimekosa, tena hadharani, kwa hiyo barua hii naiandika wazi, aisome kila mtu wa Ekerenyo anayejua kusoma, na asiyejua asomewe. Uongo nilioutangaza sokoni siwezi kwenda kuufutia chumbani.

Ni habari ya ile damu.

Unakumbuka ile Jumapili tuliyotoka kanisani tukamkuta Moraa, mke wa mwana wetu, ameketi barazani na viboksi viwili vyeupe mapajani. Anafanya kazi duka la dawa Kisii mjini, na kila kitu kipya kinachotoka duniani hupita kwake kwanza. Kaka yake alikuwa amemtumia vile viboksi kutoka ng'ambo.

"Hivi ni vya kupima umri wa mwili," alituambia. "Unajitoa damu kidogo nyumbani, unaituma maabara, wanakwambia mwili wako umezeeka kiasi gani. Si miaka ya kitambulisho. Miaka ya mwili wenyewe."

Wewe ukauliza, "Kwani ya kitambulisho ina kasoro gani?"

Mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Maana tunajua jinsi vitambulisho vyetu vilivyopatikana. Mama yako alisema ulizaliwa mwaka wa nzige, mama yangu alisema nilizaliwa ng'ombe mwekundu akiwa na mimba, na yule karani wa chifu hakutaka kusikia habari za nzige wala ng'ombe. Alitutazama tu tulivyosimama pamoja kwenye foleni, akatuandika mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, tarehe moja. Miaka yote hiyo tumekuwa mapacha kwa serikali. Nilikuwa nakwambia nimemuoa dada yangu, nawe unanipiga na mwiko.

Basi nikamwambia Moraa sawa, tupimwe. Nilitaka kusikia mashine ya wazungu itasema nini kuhusu ng'ombe mwekundu.

Lakini ilikuwepo shida, na wenzetu wa Kisii na Nyamira wataielewa bila mimi kuchora. Damu hutolewa kidoleni, na Moraa ni mke wa mwanangu. Mimi na yeye hatushikani hata mkono wa salamu. Ni ile heshima yetu ya wakwe, chinsoni, na mimi katika mambo mengi ni mtukutu lakini hapo sichezi. Kwa hiyo nikasema kwa sauti kubwa ya mwenye boma, "Mama Ogeto atanitoa damu huko chumbani. Wewe mtoto, simama nje ya mlango utusomee maagizo."

Sauti ilikuwa kubwa, Kemunto, kwa sababu moja. Nilikuwa nimeviona vile visindano.

Tukaingia, tukaketi kitandani. Moraa kule nje anasoma polepole kama anasoma somo la kanisani: oshani mikono kwa maji ya vuguvugu, tikisa mkono chini, weka kidude ubavuni mwa ncha ya kidole, bonyeza. Wewe ukabonyeza, tik, hata uso haukubadilika. Ukaijaza ile miviringo kwenye kadi yako tone kwa tone, kama mtu anayepanda maharagwe.

Zamu yangu ikafika. Nikafumba macho, nikabonyeza. Kisindano kikachoma godoro.

"Omogaka," uliniita hivyo kila ukitaka kuniuma, maana mzee hapendi kuitwa mzee na mkewe, "godoro halina umri wa kupimwa."

"Kidude kimeteleza."

"Si wewe ndiye unayewaambia wajukuu ulisimama mbele ya kisu jandoni bila kupepesa jicho?"

"Siku hiyo nilikuwa nikitazamwa na watu wengi."

"Na leo?"

"Leo natazamwa na wewe peke yako. Wewe unanijua."

Ulicheka bila sauti, ukijaza leso mdomoni Moraa asisikie. Kisha ukanyoosha mkono. "Lete hiyo kadi yako." Ukachoma kidole kingine, ukaijaza kadi yenye jina langu kwa damu yako, ukanirudishia.

"Tata, imeuma?" Moraa, ambaye huniita baba kwa lugha yetu, akauliza kule nje.

"Kidogo tu, mtoto," nikajibu kwa sauti nzito, "kidogo tu." Nawe ukaangukia mto kwa kicheko.

Hiyo ndiyo siri yetu, wenzangu, na sasa mnaijua.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa. Moraa akasoma kwenye simu: kitambulisho chetu kilikuwa kinasema sabini na nne, lakini mwili wako wasema hamsini na tisa, na mwili wangu hamsini na nane. Moraa alipiga vigelegele. Akasema ni mboga zetu za sagaa na managu, ni kupanda hivi vilima, ni kulala mapema. Mimi nikakutazama, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikasema, "Kumbe wewe ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Kuanzia leo niheshimu kama mdogo wako, nibebee maji ya kuoga."

Kwa damu yako mwenyewe nilikutania! Ulinifinya tu ubavuni, mahali Moraa hakuona, alama ikakaa siku tatu.

Tena sikuishia hapo. Nilikwenda Ekerenyo siku ya soko nikamtangazia Nyangau, yule kinyozi mwenye mdomo, mbele ya wateja wake wote.

"Hamsini na nane? Wewe?" Nyangau akasema. "Na hayo magoti yanayolia kama mlango wa zizi ni ya nani?"

"Magoti ni ya kukodi. Mwili ni wangu, na umepimwa ng'ambo."

"Basi njoo ucheze mpira na vijana Jumapili."

"Nitawaonea."

Wewe ulikuwa umeketi hatua kumi tu kutoka hapo, na ndizi zako kwenye gunia, ukisikia yote. Neno moja lako lingeninyoa bila wembe. Hukulitoa. Ulipanga ndizi zako, ukatabasamu, ukamwongeza mteja ndizi moja bure. Nimekutana na watu wengi waliosoma na waliookoka, lakini mtu wa kubeba aibu ya mwenzake namna hiyo, akaibeba kama kikapu kitupu, sijamwona mwingine.

Ndiyo maana nakiheshimu kile kiboksi, ingawa nilikidanganya. Hakikukujua. Hakikukuona ukishuka lile shamba la chini la majani chai umande ukiwa bado, ukipanda na kikapu kimejaa mgongoni, huku mimi nimesimama juu nikikuelekeza njia uliyoipita miaka arobaini. Hakikukuona na mimba ya Ogeto ukichimba mtaro wakati mimi nina kidonda cha mguu, kidonda ambacho, niseme leo, kilipona mapema kuliko nilivyokwambia. Matone machache tu kwenye karatasi, na kikasema: huyu mwili haujachakaa. Mimi nililala pembeni yako maisha yote nisiweze kusema sentensi nzuri kama hiyo.

Kisha mvua ya mwaka jana ikaja na ile homa ya mapafu, na kwa siku nne ukawa umekwenda.

Moraa alilia akisema kipimo kilidanganya. Watu wazima pale matangani wakawa wananiuliza, "Lakini si alikuwa na hamsini na tisa?" Niliwaambia kile kiboksi kilihesabu mwili ulivyotumika, hakikuahidi siku. Hata karatasi yake ilisema ni makadirio. Lakini usidhani nilisema hivyo kwa utulivu. Nilisema, halafu nikaenda nyuma ya jiko.

Sasa nifike kwenye kosa. Miezi miwili iliyopita Moraa alileta kiboksi kingine. Watoto walitaka kujua ninavyoendelea peke yangu. Akakiacha mezani, akaniambia, "Tata, jipime tu kama siku ile," akaondoka, maana chumbani hakuwepo tena mama mkwe wa kumsomea maagizo.

Nilikitazama kile kiboksi siku mbili. Nilifikiria kumwomba Nyangau kidole chake. Nilimtazama hata jogoo, na jogoo akanitazama. Jioni ya siku ya pili niliketi upande wangu wa kitanda, upande wako ukiwa umetandikwa sawa, nikaosha mkono, nikautikisa, nikabonyeza bila kufumba macho.

Kemunto, hakiumi! Mbona hukunilazimisha?

Majibu yakaja: themanini na mmoja.

Moraa aliyasoma akiwa mlangoni, akaondoka bila kunywa chai. Jumamosi iliyofuata Ogeto alikuja na pikapu ya kukodi. Alikuwa na macho mekundu, mwanao, na kamba za kufungia godoro.

"Baba, huzuni imekula mwili wako miaka ishirini na mitatu kwa mwaka mmoja," alisema. "Hatutakuacha hapa uishe. Tutakaa wote mjini."

Unaijua nyumba yao ya Kisii. Ghorofa ya nne, sebule moja, choo kimoja. Mimi na mke wa mwanangu tutapishana wapi? Nitakohoa mara ngapi kabla ya kutoka bafuni? Nitakaa dirishani kutwa nzima nihesabu pikipiki, na hapa majani yakomae mpaka yawe kuni, na kaburi lako lipaliliwe na mbuzi wa jirani. Walikuwa wameshatoa kiti changu nje.

Nikaona njia ni moja. Kama mwaka jana nilikuwa na hamsini na nane, basi ninakufa, na lazima nipande pikapu. Lakini kama nilikuwa na themanini, basi sina lolote, mimi ni mzee tu kama nilivyokuwa. Kubaki nyumbani kulikuwa ndani ya ukweli, na ukweli ulikuwa kwamba mimi, mwanamume wa jandoni, niliogopa kisindano kidogo kuliko mwiba wa mbigili.

"Ogeto," nikasema, "weka kamba chini. Ile damu ya kwanza haikuwa yangu."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yako. Zote mbili."

Moraa aliyekuwa kwenye kibaraza akageuka. "Lakini Tata, nilikuuliza kama imeuma!"

"Nilikujibu kidogo. Mama mkwe wako hakulalamika, kwa hiyo nilikadiria."

Ogeto alinitazama kama anayenihesabu upya. "Kwa hiyo mwaka huu umezeeka miaka mingapi?"

"Mmoja. Kama wewe."

Moraa ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha kicheko kikageuka kilio, akasema, "Kwa hiyo Mama alipimwa mara mbili, na mara mbili akatoka vile." Mwenye pikapu, ambaye hakuelewa lolote, akarudisha kiti ndani kwa hiari yake.

Wamekubali nibaki. Masharti yao ni kwamba nisishuke tena shamba la chini, na nipokee simu kila asubuhi hata kama sina la kusema. Nimekubali yote, na la kwanza nitajaribu kulitii.

Nyangau, ninajua wewe ndiye utakayeisoma barua hii kwa sauti pale kinyozini. Isome vizuri. Niliogopa kisindano. Cheka, ukimaliza uwaambie: yule mwanamke aliyeuza ndizi karibu na mlango wako, akikuongeza moja kila mara, alikuwa na mwili wa hamsini na nane katika miaka yake ya sabini na nne, na mtu aliyejitapa kwa mwili huo alikuwa mumewe.

Kemunto wangu, nimekurudishia mbele ya watu. Nilikaa na kitu chako mwaka mzima na kilinipendeza sana kukivaa, ingawa kilinibana. Nilizoea kusema tumezeeka pamoja. Kumbe mimi nilizeeka, na wewe ulikuwa ukinisindikiza.

Pumzika. Asubuhi simu ya Ogeto italia, nami nitamwambia nimeamka.

Ni mimi mumeo,
mwenye themanini na mmoja, kwa damu yangu mwenyewe.