Jitu Gharika na Mlango wa Makuti

Kaka yangu Salumu,

Shikamoo. Marahaba siku hizi najijibu mwenyewe, maana tangu tulipokuzika hapa Kiranjeranje hakuna wa kuniitikia kwa madaha yale yako.

Unakumbuka uani, tukibangua korosho, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituchome? Kauntabuku yako umeifunika kwa gazeti, umeilaza juu ya kinu kilichopinduliwa isichafuke. Humo ndimo lilimoishi Jitu Gharika, adui wa falme saba, ulilolitunga mwenyewe. Unasema "Paukwa!" nami naitika "Pakawa!", maana kwetu hadithi haianzi mpaka msikilizaji aitike.

Sura ya tatu, Jitu likabomoa mji mzima kwa chafya moja. Haya, sawa. Sura ya saba, likashindwa kuingia kibandani kwa bibi kizee. Lahaula! Jiwe la kubangulia lilinitoka mkononi.

"Kuta za mawe zimeanguka kwa chafya, halafu mlango wa makuti unalishinda? Kaka, unatuona mabwege?"

"Halina nguvu sawa kila siku, Mwanaidi. Kuna siku hata mlango wa makuti unatosha."

"Huo ni uvivu wa kufikiri. Rekebisha kwanza, ndipo niitike."

Kesho yake ukaja na "Paukwa!" Nikanyamaza. Ukarudia huku unacheka. Nikaendelea kubangua kama sijasikia. Mara ya tatu hukucheka. Ukafunga kauntabuku ukaingia ndani, na hukuniita tena kwenye hadithi ile. Mimi nikajiona nimeshinda, mjinga mie.

Selimundu, ugonjwa ule wa damu, ulizaliwa nayo, na mikono hii hii ndiyo iliyokukanda kwa maji ya moto. Leo mifupa inakuliza, hata kikombe hukishiki. Keshokutwa uko uani, unanitania kwamba nabangua kama kuku anayedonoa. Nilikuwa nayaona hayo miaka yote, halafu nikakuuliza kwa nini adui hana nguvu sawa kila siku! Ugonjwa ulipolegea, ulijifungia nyuma ya makuti yako ukaandika. Nisamehe, kaka. Najuta mpaka nashindwa kula korosho.

Juzi Mama alinikabidhi kauntabuku. Nikaenda moja kwa moja sura ya saba. Neno "makuti" umelikata, juu yake umeandika "chuma". Ulirekebisha kwa ajili yangu. Ukurasa unaofuata ni mtupu, na kurasa zote za mbele yake ni tupu. Bibi kizee kabaki ndani, Jitu liko nje, na ilivyokwisha sitajua kamwe.

Nimechukua kalamu nikalikata "chuma", nikarudisha "makuti". Kisha nikakaa pale pale uani, karibu na kinu, nikasema kwa sauti mpaka Mama akachungulia mlangoni:

Pakawa, kaka. Pakawa.

Mdogo wako,
Mwanaidi