Jina la Mume wa Ziwani

Iringa, 9 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Ugonile? Nimejitahidi kusalimu kwa lugha yenu, usinicheke. Hamjambo huko Iyunga? Miguu ya Baba inaendeleaje na mvua hizi? Sisi wazima. Mjukuu wenu ananyonya hanipi nafasi. Tunamwita Bwana Mdogo tu, maana jina anatoa babu yake, na ubatizo ni Jumapili baada ya Pasaka.

Halafu Mama, kitabu cha nne kimetoka! Yule mzimu wangu wa Ziwa Ngosi, mume wa yule mwalimu, hatimaye ana jina. Vitabu vitatu wasomaji wananisumbua, "Anaitwa nani?" Basi siku moja Tukuyu nikamsikia mama akimwita mwanawe, jina likaniingia moyoni: Andendekisye. Stendi ya hapa nakala zimekwisha, na mchapishaji anataka kuchapa tena. Yako nimeifunga kwenye furushi na asali. Kuna kurasa za kuruka, Mama, nakuomba.

Mkweo, Evarista

Iyunga, 16 Februari

Mwanangu Evarista,

Marahaba. Asali tumepata, ndaga fijo. Miguu ya Baba ni mizima, tangu Jumapili anazunguka nyumba na hasemi na mtu.

Mama wee, umefanya nini! Lakini kosa ni letu. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hataji jina lake. Wewe mtu wa Iringa ukaja ukashika adabu kuliko wasichana wa hapa. Yeye akiingia, wewe umeshakimbilia jikoni. Na sisi ukiwepo hatulitaji, ni Baba Edmund tu. Hata kadi ya harusi iliandikwa Mzee A. Mwaijande. Hiyo A, mwanangu, ndiyo huyo mzimu wako anayetoka majini bila shati!

Wanakwaya wote wamekisoma. Mzee mwenzake wa kanisa kamuuliza mbele za watu kama maji ya Ngosi ni ya baridi. Baba akaondoka kabla ya sadaka. Nimemkumbusha jina la mtoto, kanipa mgongo akatoka nje.

Mama yako

Iringa, 18 Februari

Mama, shikamoo.

Natamani ardhi inimeze. Mume wangu Edmund amekiri hajasoma hata kitabu changu kimoja, yeye ni matokeo ya mpira tu. Nimemfokea mpaka mtoto akalia.

Mwambie Baba namwomba radhi kwa magoti. Nitamwambia mchapishaji asimamishe, nibadilishe jina, hata vitabu vyote nivitoe sokoni. Kazi ya kuandika naipenda, unajua. Ila mwanangu akipewa jina na mimi mwenyewe, ukoo mzima utajua babu yake amemkataa. Hilo siliwezi.

Mkweo, Evarista

Iringa, 30 Machi

Shikamoo Mama,

Sijapata jibu. Mnaendeleaje? Mchapishaji anangoja, Paroko anangoja. Hata kama ni neno baya, niandikie.

Mkweo, Evarista

Iyunga, 22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Ningekujibu nini, wakati hata mimi nilikuwa sijui? Kitabu chako kilipotea hapa ndani, nikadhani Baba kakichoma. Wiki iliyopita nafungua stoo ya mahindi, namkuta kakaa juu ya gunia na miwani yake, anasoma! Na vile vitatu vya mwanzo kaviagiza sokoni Mwanjelwa, kavificha kwenye debe. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumapili yule mwenzake kamchokoza tena. Baba akamjibu, "Ni ya baridi, ndiyo maana wewe ungekufa." Kanisa zima likacheka, na yeye akacheka.

Sasa hivi yuko nje ya dirisha, anakohoa, anataka niandike anavyosema. Anasema: jina lisibadilishwe. Mwambie mchapishaji achape. Na kitabu cha tano huyo mume asife, alishateseka vya kutosha.

Anasema pia: mtoto ni Andendekisye. Utamwita hivyo kila siku, na yeye hatahesabu kwamba umemtaja.

Tunapanda basi Jumamosi. Wewe kaa jikoni kama kawaida, yeye atakaa sebuleni na mtoto. Ila mlango usiufunge, mwanangu. Anataka akusikie ukimwita.

Mama yako