Changamoto Ndogo za Tumbo

Jumatatu, 3 Juni

Bweni la wasichana linaharisha. Foleni ya chooni imegeuka mkutano wa hadhara.

Mama mdogo, ambaye ndiye nesi wa shule na ndiye anayenilea, karudi nyumbani kakunja uso. Huku anakata vitunguu akasema ni maji ya tangi la juu. Alishamwambia mkuu wa shule, akajibiwa asiwatie watu hofu.

Nikamwuliza: hayo ni ya gazeti au ya jikoni?

Ya jikoni.

Basi. Mhariri mzima wa gazeti la shule nina habari mdomoni, siwezi kuitema wala kuimeza.

Jumatano, 5 Juni

Asiyoyasema nesi, tangi litayasema. Nimekwenda na Spika, mwandishi wangu — jina kapewa kwa sababu hazimiki. Tulimwomba fundi bomba atupandishe. Akakubali kwa sharti moja: asitajwe popote. Ana watoto, na kazi ndiyo hii. Nikamwahidi.

Mfuniko hakuna. Ndani njiwa wawili, na hawakufa jana.

Spika alinyamaza. Naliandika hili kwa ajili ya historia.

Picha nimepiga.

Alhamisi, 6 Juni

Spika kaandika vizuri, ila katia kwamba mkuu hagusi maji ya shule, anakunywa ya chupa. Nikamwuliza kajuaje. Aliona chupa mezani kwake.

Nilipokwenda kumwuliza mkuu upande wake, nikaichungulia hiyo chupa. Maji yake anamwagilia ua la dirishani. Nimefuta sentensi. Spika kanuna, anasema nawafanyia kazi wakubwa.

Mkuu alisema tangi lilisafishwa likizo iliyopita na hali ni shwari. Tumemnukuu neno kwa neno. Chini ya picha ya njiwa.

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu kataka kuliona gazeti kabla halijabandikwa. Limerudi jekundu. “Wanaharisha” imekuwa “wanapitia changamoto ndogo za tumbo.” Njiwa wamekuwa “viumbe.” Picha itoke, haina mvuto.

Nikamwuliza kama kuna neno la uongo. Akasema uongo haupo, lakini hata ukweli una adabu zake.

Mwalimu mlezi wa klabu ya gazeti kanivuta pembeni. Kwa kanuni za klabu, kasema, neno la mwisho ni la mhariri. Halafu akaniomba nisimwambie mtu kwamba yeye ndiye kaniambia.

Sasa nina watu wawili wa kutowataja.

Jumatatu, 10 Juni

Tumebandika kama lilivyokuwa, na njiwa wake.

Kufika mapumziko ubao mtupu, hata pini hazipo. Lakini simu zilishapiga picha, picha zimefika kwa wazazi, na wazazi wamefika getini. Mchana tangi likamwagwa. Maji yalitiririka mpaka uwanja wa mpira, yakinuka.

Hakuna aliyetushukuru. Jioni mkuu katangaza kwamba gazeti limesimamishwa kwa ukarabati.

Jumanne, 11 Juni

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Mama mdogo yuko kando yangu, kapakata mkoba.

Ilikuwa hivi. Mkuu alitaka kujua nani katupeleka kwenye tangi. Nikasema hatutaji watu waliotuamini. Akasema hakuna haja ya kutaja, yeye si mtoto: ni nesi, tunaishi nyumba moja, na nesi atahamishwa.

“Si yeye,” nikasema.

“Basi ni nani?”

Nje ya dirisha fundi bomba alikuwa anakaza koki ya bustani. Aliikaza muda mrefu kuliko koki yoyote inavyohitaji. Sikumtazama. Nilitazama ua la mkuu, limenawiri kweli.

Mama mdogo akaitwa. Akasikiliza yote akiwa kasimama. Akatazama dirishani, akanitazama mimi.

“Ni mimi, mkuu,” akasema.

Mkuu hakushangaa. Kamwambia katibu achape maelezo kwamba nesi ndiye aliyetoa habari. Mimi nisaini kama mhariri. Nikisaini, gazeti linafunguliwa leo leo. Nikikataa, nikae nyumbani mpaka bodi ikutane, na bodi ikutane itakapokutana. Tukatolewa nje tungoje uchapaji.

Spika kapita ukumbini mara kadhaa. Kila akipita anainua nyusi. Kwake huko ni kunong'ona.

Mama mdogo kasema nisaini tu, twende zetu.

Nikasema si kweli.

“Najua si kweli,” akasema. “Yule bwana ana watoto wanne. Mimi nina wewe tu, nawe unakaribia kumaliza.”

Nikamwambia nilifuta sentensi ya Spika kwa sababu ya chupa tu. Chupa! Akasema chupa haina watoto.

 

Mlango umefunguka. Katibu anasema tayari, tuingie. Mama mdogo kashasimama, ananyoosha sketi. Nimemwambia atangulie, nafunga kamba za viatu.

Viatu vyangu havina kamba. Kaviangalia, karudi kukaa.